Chuo kina /16 ya mwaka 1988, ISP anadai rekodi za njia: tusaini na ARIN au twende RADB?

PaketiZaMbali

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni Mtanzania niko Marekani, nashughulikia mtandao wa chuo kidogo huku Midwest. Naomba mawazo yenu, maana ofisini sina wa kubishana naye: idara nzima ya mtandao ni mimi na kijana mmoja wa maabara ya kompyuta.

Chuo kina bloku ya /16, yaani anwani za IP 65,536, tuliyopewa mwaka 1988. ARIN, sajili ya anwani za kanda ya Marekani, ilikuwa bado haijaundwa. Hatuna mkataba na mtu yeyote na hatujawahi kulipa ada. Tunaitangaza kwa BGP kwa namba yetu wenyewe ya AS, yaani kitambulisho cha mtandao wetu, kupitia ISP wawili. Miaka yote kazi ilikwenda kwa barua ya idhini: unaandika kwenye karatasi yenye nembo ya chuo kwamba bloku ni yetu, tutangazieni, ISP anafungua chujio kwa mkono, mnaendelea na shughuli nyingine.

Sasa ISP mmoja ametuandikia kuwa anaachana na vichujio vya mkono. Vitatengenezwa na programu kila usiku kutokana na rekodi za IRR na RPKI, na prifiksi (bloku inayotangazwa) isiyokuwa na rekodi haitapita. Ametupa na tarehe. Mkurugenzi kasoma barua, kaniambia "jaza hiyo fomu yao tuendelee".

Tatizo ni fomu yenyewe. Nimeingia ARIN Online, nikakuta kwa IP za urithi zisizo na mkataba unapata whois (taarifa za nani kasajiliwa) na DNS ya kinyume (jina kutokana na anwani), lakini IRR na RPKI hufunguliwi mpaka usaini. Wengine wananiambia niachane na ARIN, nilipie RADB, daftari la rekodi za njia lisilo la ARIN, kazi iishe leo. Kuna aliyewahi kupita hapa?

---

Msafiri254

Karibu dada. Mimi niko Nairobi, kazi yangu ni ruta za ISP mmoja hapa, na hivyo vichujio vya usiku ndio mkate wangu.

Kabla hujasaini wala kulipa, kwanza tujue dunia inasema nini kuhusu hiyo /16 saa hii. Endesha hizi tatu, ukiweka prifiksi yako na AS yako. Hizi nilizoweka ni namba za mifano tu:

`whois -h whois.radb.net 192.0.2.0/24`
`whois -h whois.radb.net -- '-M 192.0.2.0/24'`
`whois -h whois.radb.net -- '-i origin AS64500'`

Ya kwanza inaleta rekodi za bloku nzima, ya pili vipande vilivyo ndani yake, ya tatu kila kitu kilichoandikwa kwa jina la AS yako. RADB inanakili databesi nyingine nyingi, kwa hiyo soma mstari wa `source` uone kila rekodi imetoka wapi, na `mnt-by` uone nani ana ufunguo wa kuibadilisha. Halafu ufungue tovuti ya RIPEstat, uweke /16, uangalie vipande gani vinatangazwa kweli kwenye BGP na AS gani. Usibandike IP zako hapa, tupe muhtasari tu.

---

MgeniHapa

Samahani wakuu, mimi nafunga Wi-Fi za hoteli Zanzibar, BGP naisikia tu. Hiyo IRR na RPKI ni vitu gani? Na "IP za urithi" anarithi nani?

---

MzeeWaTeleksi

Kijana, kaa nikueleze, na wengine wanirekebishe.

BGP ni mazungumzo ya ruta za kampuni mbalimbali. Ruta moja inasema "anwani hizi zinapatikana kwangu", jirani anaamini, anampelekea jirani yake, na ndani ya dakika chache habari imezunguka dunia. Ndani ya BGP yenyewe hakuna pa kuuliza "una haki gani?" Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan ilitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi yake tu. Pakistan Telecom ikatangaza 208.65.153.0/24, kipande cha /22 ya YouTube (namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa, bloku ni ndogo). Kampuni iliyowabeba haikuchuja. Kwa kuwa ruta hufuata kipande kidogo zaidi, YouTube ikapotea kwa sehemu kubwa ya dunia kwa saa kama mbili.

IRR ni madaftari ya wazi ambamo mwenye mtandao anaandika: prifiksi fulani itatangazwa na AS fulani. ISP anayasoma na kutengeneza chujio. RADB ni la zamani kuliko mengi, lilianza katikati ya miaka ya 1990 wakati NSFNET, mtandao wa utafiti wa Marekani, inafungwa, na mpaka leo liko chini ya Merit Network kule Michigan. Tatizo ni kwamba madaftari mengi hayakuwa na namna ya kujua kama mwandishi ndiye mwenye mali.

RPKI ikaja baadaye kuziba pengo hilo. Hapo sajili ya kanda, ile iliyogawa anwani, inatoa cheti kwa mwenye bloku, naye anakitumia kusaini tamko liitwalo ROA: bloku hii, AS hii, na kipande kidogo kabisa kinachoruhusiwa ni ukubwa huu. Chukulia IRR ni barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba kiwanja ni chako, na ROA ni hati yenye muhuri wa ardhi. Barua ya mtaa inasaidia, lakini sote tunajua viwanja vingapi vina barua tatu za watu watatu.

Sasa urithi. Miaka ya 1980 anwani zilisajiliwa na watu wachache: Jon Postel na wenzake kule California, kisha taasisi ya SRI, na kuanzia 1993 sajili ya InterNIC. Uliandika ombi, ukapewa namba, basi. Sajili za kanda zilikuja moja moja: RIPE NCC ya Ulaya mwaka 1992, APNIC ya Asia na Pasifiki 1993, ARIN Desemba 1997, LACNIC ya Amerika ya Kilatini 2002, na AFRINIC yetu ikatambuliwa rasmi 2005. Waliopewa anwani kabla ya hapo ndio hao wa urithi. Chuo cha huyu binti kilipewa kabla hata ya kuwapo mtu wa kusaini naye.

---

MgeniHapa

Asante Mzee, shikamoo. Sasa nimeelewa kwa nini wanahangaika.

---

MzeeWaTeleksi

Marahaba. Endelea kusoma uzi, utafika mbali.

---

Mbishi_wa_Mtaa

Naona mnampeleka dada wa watu kwa ARIN moja kwa moja. Subirini.

Mimi nina /24 ya mwaka 1993, biashara ndogo hapa Texas. Sijasaini na sitasaini. Nalipia RADB kwa mwaka, nimeandika rekodi zangu, ISP wangu wanazisoma, ruta zinapita. Kama bajeti hakuna, daftari la ALTDB ni bure, inaendeshwa na watu wa kujitolea.

Kwa nini nisaini? Leo bloku ni yangu kwa sababu nilipewa bila masharti. Nikisaini naingia kwenye mkataba wenye ada ya kila mwaka na sera zinazoweza kubadilishwa na mkutano ambao sitakuwepo. Mwaka 2011 kampuni ya simu ya Nortel iliyofilisika iliuza anwani 666,624 kwa Microsoft kwa dola milioni 7.5, mahakama ya kufilisi ikabariki. Kwa hiyo hii ni mali. Na mali huipeleki kwa mtu akuandikie karatasi inayosema labda si mali.

Tena Ulaya hawabanwi hivi. Kule tangu 2014 kuna sera maalumu ya wenye IP za urithi: unaweza kuingia kama mwanachama, au kupitia mwanachama anayekudhamini, na RPKI unapata. ARIN wangefanya hivyo hivyo tusingebishana.

---

wakili_nusu

Mbishi, hoja ya Ulaya nakupa. Ya mkataba imepitwa kidogo.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya mikataba hapa Kanada, na hizi karatasi nimezisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kile kifungu kilichokuwa kinamfanya msaini akiri kwamba namba si mali ndicho kilichowachoma wengi, hasa vyuo na taasisi za serikali ambazo wanasheria wao hawaruhusu kukiri kitu kama hicho. ARIN walikiondoa kwenye toleo la 13 la mkataba, mwaka 2022. Kwa hiyo ukibishana nao leo, bishana na toleo la leo.

Panapouma ni kwenye ada. Kulikuwa na kikomo maalumu cha ada kwa wenye IP za urithi, kiasi kidogo kwa mwaka kinachopanda polepole. Kilikuwa kwa waliosaini kabla ya mwisho wa 2023, na waliowahi bado wanakifaidi. Atakayesaini sasa analipa kama mteja mwingine yeyote. Kwa /16 hilo ni daraja la kati: liliwekwa dola 4,000 kwa mwaka na limepanda kidogo. Kwa chuo ni fedha ya leseni moja ya programu. Kwa Mbishi na /24 yake, daraja la chini kabisa ni dola mia mbili na ushee, kwa hiyo makelele yake yana sababu nyingine.

---

Mbishi_wa_Mtaa

Sababu yangu ni msimamo, mkuu. Dola mia mbili ninazo.

---

PaketiZaMbali

Msafiri, nimeendesha. Nimekaa chini.

Rekodi ya kwanza ni ya /16 nzima, lakini AS ya chanzo si yetu. Ni ya ISP tuliyekuwa naye miaka ya 1990, ambaye alimezwa na kampuni nyingine, nayo ikamezwa na nyingine. `mnt-by` ni ya ile kampuni ya kwanza. Ya pili ni sahihi, AS yetu, ila haikuandikwa na sisi: ISP wetu wa sasa aliiandika kwa niaba yetu, na ufunguo uko kwake.

Ya tatu ndiyo imeniharibia chakula cha mchana. Ni /20 ndani ya bloku yetu, AS ambayo hakuna anayeijua hapa, iko kwenye databesi moja ya bure, na tarehe ya mabadiliko si ya zamani. RIPEstat inasema haitangazwi na mtu yeyote sasa hivi. Hiyo /20 sisi hatuitumii, ni nafasi iliyolala.

Halafu kuna /22 inayotangazwa kweli, kwa AS nyingine, haina rekodi popote. Nimeuliza, kumbe ni tawi letu la uuguzi lililoko mji mwingine. ISP wao anaitangaza kwa AS yake mwenyewe.

---

Msafiri254

Hiyo ya tatu usiichukulie poa. Mtu haandiki rekodi ya /20 ya wenyewe kwa kukosea tarakimu moja. Hiyo ni maandalizi: rekodi ikiwepo, siku akiitangaza, chujio cha ISP wake kinamfungulia mlango kama mteja halali. Wanapenda hasa IP za urithi zilizolala, kwa sababu zina sifa safi kwenye orodha za spam na hakuna anayezitazama. Kule San Diego kuna kesi ilifunguliwa 2018 dhidi ya wakubwa wa kampuni ya matangazo ya barua pepe. Walichukua bloku za zamani za watu kwa barua za idhini za kughushi, barua zile zile ambazo mlikuwa mnazitumia, wakazipeleka kwa kampuni za hosting. Mwaka 2022 wakakiri makosa.

Na kwa wanaosema rekodi ya IRR inatosha, kuna kisa cha Agosti 2022. Bloku 44.0.0.0/8 ni urithi mtupu, ilitengwa 1981 kwa ajili ya wapenzi wa redio za mawasiliano. Mwaka 2019 walio na dhamana nayo waliiuzia Amazon robo yake, 44.192.0.0/10, kwa zaidi ya dola milioni 100. Miaka mitatu baadaye wezi wakataka /24 moja tu humo ndani, 44.235.216.0/24, kwa kuwa hapo ndipo ilipokaa seva ya Celer Bridge, huduma ya kuhamisha sarafu za kidijitali. Wakaingia ALTDB, wakaandika rekodi kwamba AS16509, ambayo ni ya Amazon, iko nyuma ya kampuni moja ya hosting ya Uingereza na kwamba /24 hiyo inatangazwa na AS16509 hiyo. Mbebaji mkubwa wa juu akasoma daftari, akafungua. Wateja wakapelekwa kwenye seva ya wezi, na zikaondoka sarafu za kama dola 235,000.

Ona vizuri: Amazon walikuwa na ROA. Lakini ROA yao iliruhusu vipande mpaka /24, na wezi walijifanya AS ile ile ya Amazon, kwa hiyo RPKI ikasema halali. ROA ingekuwa imefungwa kwa ukubwa unaotangazwa kweli, ile /24 ingekuwa batili.

---

Mbishi_wa_Mtaa

Kwa hiyo RPKI nayo ilishindwa. Asante kwa kunisaidia hoja.

---

Msafiri254

Haikushindwa, iliachwa wazi. Wewe mwenyewe sasa hivi /24 yako ina hali gani kwenye RPKI? Nakujibia: haijulikani. RPKI ina majibu matatu, halali, batili, haijulikani. Kampuni ya simu ya AT&T walianza kutupa njia batili kutoka kwa wanaounganishana nao mwanzoni mwa 2019, wengine wakubwa wakafuata. Lakini hakuna anayetupa "haijulikani", maana karibu nusu ya intaneti ingezimika. Mtu akiitangaza /24 yako kesho, tangazo lake nalo ni "haijulikani". Mko sawa machoni pa ruta zote. Rekodi yako ya RADB inakufungulia mlango wewe. Haimfungii yeye.

---

Mbishi_wa_Mtaa

Hilo la mwisho sina jibu nalo. Bado sisaini.

---

MzeeWaTeleksi

Niongeze la kwetu, msije mkadhani ni mambo ya Wamarekani.

Afrika kabla ya AFRINIC tulikuwa tunachukua anwani kwa wengine, na watu wengi wakaandika rekodi zao za njia kwenye databesi ya RIPE kule Amsterdam, kwa sababu ilikuwa inapokea bila kuuliza. Septemba 2018 RIPE ikazitenga rekodi zote za anwani zisizo za kanda yake, ikazipa jina RIPE-NONAUTH na kufunga mlango wa mpya. Mpaka leo kuna ISP Afrika Mashariki wanaoegemea rekodi zilizokwama humo. Kama wewe ni mmoja, hamishia AFRINIC.

Halafu yale ya Mauritius, makao ya AFRINIC. Mwishoni mwa 2019 iligundulika mtu wa ndani alikuwa anabadilisha usajili. Ukaguzi uliotolewa 2021 ulikuta anwani kama milioni 2.4 zilizochomolewa kwenye hazina, na nyingine karibu milioni 1.8 za urithi ambazo umiliki wake ulichezewa. Za urithi zilichaguliwa kwa makusudi: kampuni imekufa, barua pepe ya mhusika haipo, nani atalalamika?

Kwa hiyo binti, hata kabla ya ROA, angalia jina la nani liko kwenye whois ya hiyo bloku.

---

PaketiZaMbali

Mzee, shikamoo. Nimeangalia. Jina la chuo ni la zamani, lilibadilishwa tulipoungana na chuo jirani. Mhusika wa kiufundi ni profesa wa fizikia aliyeomba anwani mwaka 1988. Ameshafariki, Mungu amrehemu. Barua pepe yake ilikuwa kwenye seva ambayo haipo tena.

---

wakili_nusu

Basi kazi yako ya kweli ni hiyo, na ruta zitasubiri. Huwezi kusaini mkataba kwa jina la chuo ambacho kwenye sajili hakipo.

ARIN watataka kuona mnyororo: aliyepewa 1988 ni nani, na kwa hatua gani za kisheria amekuwa ninyi. Tafuta hati ya kuungana kwa vyuo, iliyosajiliwa na serikali ya jimbo, na si tangazo la gazetini. Tafuta hati ya kubadilisha jina kama ni tofauti na hiyo. Ukibahatika, tafuta na lile ombi la 1988 au barua ya majibu, hata nakala ya faksi. Haidaiwi siku zote, ila inamaliza mabishano. Mwisho atahitajika afisa wa chuo mwenye mamlaka ya kusaini, na sahihi yake ithibitishwe na notari. Mkurugenzi wa IT mara nyingi si huyo. Nenda kwa makamu wa fedha au mwanasheria wa chuo mapema, kwa sababu wao ndio watakaokaa na karatasi.

Anza na mhusika wa mawasiliano. Kuna utaratibu wa kurejesha usajili ulioachwa bila mtu. Weka barua pepe ya idara, isiwe ya mtu. Profesa mwingine asije akazikwa na funguo.

---

Msafiri254

Wakati karatasi zinatembea, wewe tengeneza orodha. Wengi wana haraka na ROA, wanaweka moja ya /16, na usiku huo huo tawi lao wenyewe linapotea hewani. Ukisema "/16 ni ya AS yangu" bila kusema lingine, basi ile /22 ya uuguzi inayotangazwa na AS ya ISP wao inakuwa batili papo hapo. ROA ya /22 kwa AS ya yule ISP lazima itangulie, au ziingie pamoja.

Kwa hiyo kila kipande kinachotangazwa kiandikwe: ukubwa, AS, nani anakibeba. Uliza pia kama mna mkataba wa kuoshewa mashambulizi ya DDoS (mafuriko ya trafiki ya kuzima mtandao). Kampuni hizo siku ya shambulio hutangaza /24 zako kwa AS yao, na hilo nalo linahitaji ROA iliyokaa tayari, si ya kutafuta wakati moto unawaka.

Na ukomo wa ukubwa usiuache wazi. Mnatangaza /16, andika /16. RFC 9319, waraka wa viwango vya intaneti wa 2022, inashauri hivyo hivyo. Usiweke "/16 mpaka /24" kwa ajili ya "labda siku moja", hapo ndipo Celer walipopitiwa.

Rekodi yenyewe ya IRR ni fupi. Namba ni za mfano:

`route:   192.0.2.0/24`
`origin:  AS64500`
`mnt-by:  MAINT-CHUO`
`source:  ARIN`

Zamani hata hii ungeiandika ARIN bila mkataba. Walikuwa na daftari lisilohakiki mtu, ARIN-NONAUTH, wakalifunga Aprili 2022. Ukiandika na `as-set` (orodha ya AS), ipe jina linaloanza na AS yako, mfano `AS64500:AS-CHUO`. Majina mafupi kama `AS-CHUO` yamerudiwa kwenye databesi tofauti na watu tofauti, na chujio la mtu linaweza kuokota la mwingine.

---

PaketiZaMbali

Na tarehe ya ISP ikifika kabla karatasi hazijakamilika?

---

Msafiri254

Ile rekodi ya pili, ya ISP wako wa sasa, inakubeba. Mwombe yule mwingine akubali RADB kwa muda, wengi wanakubali. Mbishi hapa hakukosea kabisa: kama daraja la muda, RADB ni sawa.

---

Mbishi_wa_Mtaa

Naomba hiyo sentensi ibandikwe juu ya uzi.

---

PaketiZaMbali

Wakuu, narudi na mrejesho.

Hati ya kuungana kwa vyuo ilipatikana kwa msajili wa jimbo. Ombi la 1988 lilikuwa kwenye sanduku la idara ya fizikia, limepigwa chapa kwa mashine. Mwanasheria wa chuo alisoma mkataba, akaniuliza maswali yale yale ya Mbishi, nikampa majibu ya wakili_nusu. Kilichomshawishi hasa ni kingine: tunataka kuhamishia baadhi ya seva kwenye wingu na kwenda na IP zetu wenyewe, na AWS (wingu la Amazon) hawapokei bloku bila ROA. Pia mkuu wa usalama alikuwa ameshaona mwongozo wa Ikulu ya Marekani wa Septemba 2024 kuhusu usalama wa njia za intaneti, unaosukuma taasisi kuweka ROA. Makamu wa fedha akasaini, notari akagonga muhuri.

ROA ya /22 ya uuguzi tuliiweka kwanza, kisha ya /16, ukomo /16. Rekodi za IRR ziko ARIN kwa ufunguo wetu. RIPEstat inaonyesha zote mbili halali, na ISP amethibitisha kuwa chujio lake limetuokota. IPv6 nayo tumeiomba, haikuongeza ada.

Ile /20 ya ajabu: niliwaandikia wasimamizi wa databesi nikiwa na whois mpya yenye jina letu, wakaifuta. Hata wasingeifuta, sasa tangazo lake lingekuwa batili. Iliyobaki ni ile ya ISP wa miaka ya 1990. Barua pepe ya mwenye ufunguo inarudi.

---

Msafiri254

Kazi safi dada. Hiyo iliyobaki usimtafute mwenye ufunguo, hayupo. Andikia wasimamizi wa databesi yenyewe, wape ROA yako kama ushahidi. Databesi zinazotumia programu ya IRRd toleo la 4 zinaweza hata kuificha zenyewe rekodi inayogongana na ROA, kwa hiyo huenda tayari haionekani kwa wanaochuja. Endesha ile whois ya kwanza tena uone.

---

MgeniHapa

Na mimi mwenye Wi-Fi za hoteli nitajuaje kama ISP wangu anatupa hizo njia batili?

---

Msafiri254

Fungua isbgpsafeyet.com ukiwa kwenye laini yake, ubonyeze kitufe cha kupima. Kampuni ya Cloudflare, wenye tovuti hiyo, wanatangaza prifiksi moja batili kwa makusudi. Ukiweza kuifikia, ISP wako hachuji.

---

MgeniHapa

Nimeifikia.